Nani Alikulipia Nauli? Tafakari ya Safari ya Siku Moja Bagamoyo



Masomo ya kusoma kabla ya tafakari hii: 1 Kor 7:20-24, Flm 8-20, Yn 11:38-44, Gal 6:1-5.

Nipo nyumbani Milepa kwa likizo. Tangu niteremke mlima kutoka Sumbawanga, vijana wenzangu wananiuliza swali lile lile: "Frateri, kule Bagamoyo mlikwenda kufanya nini?" Picha waliziona kwenye kundi letu la WhatsApp: bahari, mbuyu mkubwa, watu wamesimama chini ya mnara. Wengine walidhani tumekwenda kuogelea tu. Nimejibu vipande vipande, nje ya kanisa na pale kwenye mashine ya kukoboa mpunga, lakini majibu ya kusimama njiani hayatoshi. Safari ile iliacha swali moja, nalo linawahusu vijana wa bonde hili kuliko wanavyofikiri. Kwa hiyo nimeona niandike.

Safari yenyewe

Tulikuwa vijana wa Ufipa na Bonde la Rukwa tunaoishi Dar es Salaam. Walikuwepo wanafunzi wa vyuo, mafundi ujenzi, wauza maduka, vijana wa bodaboda, na madada wanaofanya kazi za nyumbani waliopata ruhusa ya siku ile. Kina mama wachache wa WAWATA walitusindikiza. Tulichanga, tukakodi Coaster, tukaondoka Jumamosi saa 12 asubuhi. Rozari tulianza mapema, Matendo ya Furaha, na tulipofika Bunju tulikuwa tumeshahamia kwenye nyimbo. Mapinga, Kerege, na hatimaye Bagamoyo. Ni kama kilomita 70 tu. Kwa mtu aliyezoea kutoka Milepa, apande mlima, alale Sumbawanga, halafu akae kwenye basi zaidi ya kilomita 1,000 mpaka Dar, hiyo ni safari ya kwenda na kurudi kabla chakula cha jioni hakijapoa.

Tulianzia ufukweni, penye msalaba wa kumbukumbu ya wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu. Walitokea Zanzibar wakafungua misheni hapo mwaka 1868. Kutoka pale tukapita njia ya miembe hadi kwenye makanisa, mnara wa kanisa la zamani, makumbusho, na makaburi ya wamisionari. Ukisoma miaka iliyoandikwa kwenye makaburi yale unanyamaza. Wengi walikufa vijana, umri wa kaka zetu.

Halafu kuna mbuyu. Ulipandwa mwaka ule wa 1868, na kwenye shina lake umechomoza mnyororo. Wengi wetu tulishika mdomo: jamani, hapa ndipo watumwa walipofungwa! Aliyetuongoza akatusahihisha kwa upole. Mnyororo ule ulikuwa wa kufungia punda wa mama mmoja Mfaransa aliyehudumia wagonjwa pale misheni. Ulisahauliwa kwenye mti, mti ukakua, ukaumeza. Nilipenda kwamba alituambia ukweli, ingawa hadithi ya uongo ingetutoa machozi zaidi. Minyororo ya watumwa ilikuwepo kweli Bagamoyo, na mingine imehifadhiwa makumbusho. Hatuhitaji kuongeza wa punda.

Jina la mji nalo lina mjadala wake. Wapo wanaosema "bwaga moyo" ni maneno ya mpagazi aliyefika pwani baada ya miezi ya kubeba pembe za ndovu: sasa pumzika, tua mzigo, moyo utulie. Wengine wanasema ni maneno ya mtumwa: moyo wangu nauacha hapa, maana mbele ni bahari na sitarudi. Neno ni moja, bandari ni moja. Kwa mmoja ni pumziko, kwa mwingine ni kukata tamaa. Tofauti yao ilikuwa nini? Wote wawili walitembea njia ile ile. Wote wawili walikuwa na mizigo. Lakini mmoja alikuwa anabeba mzigo wa mtu, na mwingine alikuwa yeye mwenyewe mzigo wa mtu.

Naomba ulishike hilo, tutalirudia.

Mwili uliopita kwetu

Chini ya ule mnara, mwongozaji alitusimulia habari ya Februari 24, 1874. Siku hiyo msafara wa wapagazi uliingia Bagamoyo ukiwa na mwili wa Daktari David Livingstone, aliyekufa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wale mapadre Wakatoliki waliupokea mwili wa Mprotestanti yule, ukalazwa pale kanisani, na kesho yake ukapelekwa Zanzibar. Mpaka leo watu wanauita Mnara wa Livingstone.

Habari hiyo wengi tuliisoma shuleni. Ambayo hatukusomeshwa, au tulisinzia, ni njia waliyopita. Wapagazi wale waliuzika moyo wake chini ya mti kule Chitambo, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakauzungushia nguo na gome la mti, wakaubeba mabegani karibu miezi tisa, zaidi ya kilomita 1,500. Simulizi ya safari yao, iliyochapishwa mwaka 1874, inaitaja nchi ya Ufipa na milima ya Lambalamfipa.

Lambalamfipa! Ndiyo, ndugu yangu wa Milepa. Ni Lyamba lya Mfipa, mlima huu huu unaouona kila asubuhi ukifungua mlango. Nilipowaambia wenzangu hivyo pale chini ya mnara, kelele zilizotoka utadhani timu yetu imefunga bao.

Waliobeba ni akina nani? Chuma alikuwa mtoto kwenye msafara wa watumwa, akafunguliwa mwaka 1861 na Livingstone na wenzake. Jacob Wainwright naye alikuwa mtumwa aliyekombolewa, akasomeshwa India. Abdallah Susi alikuwa kijana wa kule Zambezi. Walikuwepo na wanawake, akiwemo Halima, mpishi wake Livingstone. Pale Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, Waingereza waliokutana nao waliwashauri wamzike hapo hapo yaishe. Wakakataa. Mbele kidogo wenyeji walizuia maiti isipite, nao wakaufunga upya mwili ule uonekane mtumba wa kawaida, wakaendelea. Wengine wa msafara walikufa njiani.

Hakuna aliyewalazimisha. Bosi wao alikuwa amekufa! Wangeweza kugawana vitu na kila mtu kwenda zake. Chuma, aliyewahi kusukumwa kwenda pwani amefungwa, safari hii alikwenda pwani kwa miguu yake huru, akiwa amebeba mwili wa mmoja wa waliomfungua.

Swali la kwenye basi

Tulipokuwa tunarudi, jua linazama, wengi wamesinzia, dada mmoja aliyekaa kiti cha mbele yangu aligeuka. Ameniruhusu niandike habari yake bila jina. Akasema: "Frateri, nikuulize? Mtu akikulipia, unakuwa huru, au unakuwa umebadilisha mwenye mali?"

Nikajua halikuwa swali la historia. Alitoka hapa bondeni akiwa na miaka 18. Mama mmoja wa mjini alimlipia nauli ya basi, akamnunulia begi na viatu, akampa kazi ya ndani. Ulikuwa umepita mwaka na zaidi. Kila mwezi akiuliza mshahara, jibu lilikuwa: bado unakatwa nauli. Akivunja sahani, nauli inaongezeka. Kitambulisho chake kilikuwa kimefungiwa kabatini kwa bosi, "kisipotee". Akiwaza kuondoka, dhamira inamsuta: huyu mama alinitoa kijijini, nitakuwaje mwizi wa fadhila?

Mnaona? Mnyororo wa huyu dada si wa chuma. Ni tiketi ya basi.

Nina shahada ya falsafa, lakini swali lile lilinifanya ninyamaze kuanzia Kerege mpaka Tegeta. Majibu ninayoandika hapa niliyatafuta baadaye, kwa kusoma na kwa kusali.

Walionunuliwa Bagamoyo

Tuanze na ukweli wa historia, maana imani haiogopi ukweli. Wamisionari wale walinunua watumwa. Walitoa fedha, hasa kwa ajili ya watoto kwenye soko la Zanzibar, kabla soko hilo halijafungwa Juni 1873. Wakawaleta Bagamoyo, wakawafundisha kusoma, sala, kilimo na ufundi. Walipokua walioana, wakapewa nyumba na shamba katika kile kilichoitwa Kijiji cha Uhuru.

Ni tendo kubwa. Mwaka 1872 kimbunga kilibomoa misheni, nao wakaanza tena. Lakini wanahistoria wanatuambia pia kwamba maisha ya kijiji yalikuwa ya kengele na amri. Sehemu kubwa ya wiki wakazi walifanya kazi kwenye mashamba ya misheni. Wapo waliotoroka. Bila shaka wapo waliojiuliza swali la dada yetu: nimekombolewa, au nimehamishwa?

Sisemi hivyo kuwashushia heshima wale waliolala makaburini pale. Walitoa uhai wao. Nasema kwa sababu kumkomboa mtu kuna hatua mbili, na ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza. Ya kwanza ni kulipa. Ya pili ni kuachia. Fedha ikishatoka mfukoni, mkono wa mwanadamu unabaki umekunjwa: mimi ndiye niliyelipa. Hata mtu mwema, hata mtu wa Mungu, anaweza kujikwaa kwenye hatua ya pili.

Bei na hadhi

Aristotle, tunayemsoma mwaka wa kwanza wa falsafa, alimwita mtumwa chombo chenye uhai, kama jembe, ila linapumua. Kwa heshima zote, mzee yule alikosea pabaya. Karne nyingi baadaye Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785, alitenganisha vitu vyenye bei na walio na hadhi. Chenye bei kinaweza kubadilishwa na kingine cha thamani sawa. Gunia la mpunga kwa fedha, fedha kwa bati za nyumba. Binadamu hana cha kubadilishana naye. Ukimtoa dada yule ndani ya nyumba ukaweka tiketi ya basi mahali pake, hesabu haiwi sawa. Ukiweka tiketi elfu moja, bado.

Hapo kijana makini ataniuliza: "Sasa Frateri, mbona Mtakatifu Paulo anasema tulinunuliwa kwa thamani? Si ina maana tuna bei?"

Vizuri sana. Fungua 1 Kor 7:23. Paulo anasema kweli kwamba tumenunuliwa kwa thamani. Lakini usiishie hapo, soma mstari wote. Anamalizia kwa kukataza: basi msigeuke kuwa watumwa wa wanadamu. Mnunuzi wa kawaida hutoa kitu ili apate kitu. Kristo alitoa nafsi yake ili sisi tupate nafsi zetu. Na kwa kuwa gharama hiyo imeshalipwa msalabani, hakuna mwanadamu mwenye risiti ya nafsi yako. Si bosi, si mchumba, si mjomba aliyekusomesha, wala si kiongozi wa dini. Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba kupenda ni kumtakia mwingine mema, mema yake yeye. Anayekulipia ili akushike anajitakia mema yake mwenyewe, na wewe umekuwa njia tu.

Tazama Paulo anavyofanya katika barua kwa Filemoni. Onesimo, mtumwa, ametoroka. Paulo anamrudisha akiwa na barua mkononi: mpokee si kama mtumwa tena bali kama ndugu mpendwa, na kama anadaiwa kitu, deni hilo niandikie mimi. Halafu hamwambii Onesimo, "sasa utanifulia nguo gerezani mpaka deni liishe". Analichukua deni, na mtu anamfanya ndugu.

Na Lazaro je? Amekaa kaburini siku nne. Yesu anamwita, anatoka, mikono na miguu imefungwa sanda. Neno linalofuata la Bwana linaelekezwa kwa watu waliosimama pale: wamfungue, wamwache aende. Hakumdai chochote aliyemrudishia uhai. Hakuwaambia wamlete apige magoti kwanza. Wamwache aende! Hicho ndicho kipimo changu, vijana wenzangu. Mkombozi wa kweli unamjua kwa jinsi anavyofungua mkono baada ya kulipa.

Aliyekombolewa anabeba

Lakini tusivuke tukaangukia upande wa pili. Wapo watakaosema: "Safi! Basi sidaiwi na mtu, kila mtu na lake." Hapana. Rudini kwa Chuma mlimani Lyamba lya Mfipa. Hakuna aliyekuwa anamdai, naye alibeba. Mtumwa hubeba kwa sababu ameshikwa. Mtu huru hubeba kwa sababu amependa. Begani mzigo unaweza kuwa na uzito ule ule, moyoni ni vitu viwili mbalimbali.

Sisi wa jimbo hili tuna mfano wa karibu zaidi. Imani ilitufikia kwa njia ya Bagamoyo: msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe kwenda bara uliondoka mji ule Juni 1878, na mwaka 1885 Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ikawa misheni yao. Jimbo letu lenyewe liliitwa Karema kabla ya kuitwa Sumbawanga mwaka 1969. Hapo Karema alifika mwaka 1889 kijana wa miaka ishirini na kitu, Adrian Atiman. Alizaliwa Afrika Magharibi, kando ya mto Niger. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara, akakombolewa na Mapadre Weupe kule Algeria. Wakamsomesha utabibu Malta.

Sasa pigeni hesabu. Kijana mweusi mwenye elimu ya udaktari, mwaka 1889! Alikuja Karema, akatibu wagonjwa, akafundisha katekisimu, akaoa huko huko, mwanawe Yosefu akawa padre. Akabaki Karema mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67. Deni gani la fedha halilipwi kwa miaka 67? Mtu anayelipa deni huhesabu siku. Mtu wa namna ya Atiman, nadhani, aliacha kuhesabu mapema sana. Alikuwa ameonja kubebwa, naye akawa bega la wengine.

Ndiyo maana Paulo, katika barua ile ile kwa Wagalatia anayotuambia tumewekwa huru (5:1), anatuagiza pia tuchukuliane mizigo (6:2). Hazipingani. Huru ndiye pekee anayeweza kubeba kwa upendo.

Basi tufanye nini?

Nazungumza kwanza na ambaye nauli yake imelipwa na mtu, au inakaribia kulipwa. Najua msimu wa mavuno ukipita, magari yanashuka bondeni na watu wa kuulizia "binti wa kazi". Kwenda mjini si dhambi. Ila nauli ni nauli, si wewe. Mkubaliane mapema, mbele ya mzazi, iandikwe hata kwenye karatasi ya daftari: ni kiasi gani, itakatwa miezi mingapi, na ikiisha imeisha. Kitambulisho chako kikae kwako. Kariri kichwani namba ya simu ya nyumbani. Ukifika, jitambulishe jumuiya ndogo ndogo ya mtaani, hata kama ni kwa kusali nao mara moja, ili awepo mtu anayejua upo. Ukizuiwa kutoka, ukinyimwa ujira, au ukipigwa, kuna ofisi ya serikali ya mtaa, ustawi wa jamii, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Nchi yetu ina sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu tangu mwaka 2008. Kuomba msaada huko si kukosa shukrani. Shukrani ni zawadi, haiwezi kudaiwa kama kodi.

Pili, nazungumza na anayelipa. Wengi wetu tutakuwa huko siku moja, tena mapema. Kaka, umemtumia msichana vocha na hela ya kusuka, sasa unadai nini? Kama ulimpa, umempa. Kama ulikuwa unanunua, sema wazi kwamba wewe ni mnunuzi, na yeye ajue alipo. Wewe uliyefanikiwa mjini, umemleta mdogo wako kusoma: usimkumbushe kila akikosea chumvi kwenye mboga kwamba bila wewe angekuwa anachunga ng'ombe. Wazazi wetu nao, kwa heshima zote: ada mliyolipa ni upendo wenu, na tunaiheshimu kwa amri ya nne ya Mungu. Lakini mtoto akichagua mchumba au wito, ada ile isiletwe mezani kama hati ya kiwanja.

Mimi nami nasomeshwa. Jimbo, walezi, na kina mama wa vigango wanaotoa debe la mahindi, wananilipia. Nikifikiria hilo kama deni, nitaogopa na nitanung'unika. Nikifikiria kama bega lililonibeba kupanda mlima, nitatafuta nani wa kumbeba mimi. Ndiyo sala yangu, mniombee.

Tatu, nazungumza nasi sote. Mwili wa Livingstone ulizikwa London, katika Westminster Abbey, Aprili 18, 1874. Jiwe la kaburi linataja mikono miaminifu iliyomleta toka mbali kwa nchi kavu na bahari. Majina ya wenye mikono hiyo halina. Jacob Wainwright alikuwepo kwenye mazishi. Chuma na Susi walikuwa wamelipwa ujira wao Zanzibar na kuachwa huko. Kijana wa leo anayepiga picha kila akitoa sadaka anaweza kuona wamedhulumiwa, na kweli wamedhulumiwa. Lakini hawakubeba ili waandikwe. Yupo anayeandika majina mahali pengine, na kalamu yake haikosei.

Na dada yetu? Wale kina mama wa WAWATA waliokuwa kwenye basi walisikia. Hawakutoa hotuba. Wiki iliyofuata wawili kati yao walikwenda naye ofisi ya serikali ya mtaa, bosi akaitwa, hesabu ikapigwa mezani kwa kalamu. Ikaonekana nauli, begi na viatu vilishalipika zamani, kabla hata mwaka haujafika nusu. Kitambulisho kikatoka kabatini, na ujira uliobaki ukapangiwa tarehe. Leo anafanya kazi kwingine. Jumapili akikutana na msichana mgeni kanisani, hasa akimsikia ana lafudhi ya kwetu, humuuliza polepole: "Mdogo wangu, nani alikulipia nauli? Imeisha?"

Maswali ya kutafakari, binafsi au kwenye jumuiya

1. Kuna mtu anayenishika kwa sababu aliwahi kunisaidia? Nimeshamwambia nani?
2. Kuna mtu ambaye mimi namshika? Nitamfunguaje wiki hii, kwa neno gani hasa?
3. Kristo alinilipia, akaniacha niende. Nimekwenda wapi? Nimembeba nani?

Sala

Ee Bwana Yesu, uliyetukomboa usitufanye mali yako ya kutumia bali rafiki zako, tunakushukuru. Wakumbuke wote waliotembea kuelekea pwani wakiwa wamefungwa, waliopita milima yetu na mabonde yetu bila jina kubaki. Waangalie vijana wa bonde hili wanaopanda basi leo kutafuta maisha. Wakutane na watu wenye mikono iliyofunguka. Anayezuiwa, mtumie mtu wa kukaa naye kiti kimoja na kumsikiliza. Anayezuia, mguse moyo aachie. Nasi tuliobebwa, tupe mabega. Kwa maombezi ya Mama Maria, Malkia wa Afrika, na ya Mtakatifu Josefina Bakhita, aliyeujua utumwa na akaujua uhuru. Amina.

Mungu awabariki. Likizo njema, na kwa walioko shambani, mavuno mema.